Ukimposti mwanamichezo mwenye ulemavu, anza na matokeo

Mimi ndiye ninayeshika simu ya klabu yetu ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu hapa Kampala. Wengi huniuliza nafanyaje mpaka wachezaji wetu wakaitwa kwa majina yao mtaani. Basi nawaambia.

Mstari wa kwanza uwe jina, mchezo na matokeo. Achana na "licha ya ulemavu wake". Mkimbiaji wetu wa Uganda, David Emong, alichukua medali ya fedha ya mita 1500 T46 kwenye Paralimpiki, yaani Olimpiki ya wenye ulemavu, ya Rio 2016, kisha shaba Paralimpiki ya Tokyo. Hayo peke yake yanamsimamisha mtu. Ila T46 ieleze: T ni mbio, 46 ni ulemavu wa mkono. Usipoeleza, watu watadhani ni namba ya jezi.

Picha ndipo wengi wanapoharibu. Chuchumaa, simu iwe usawa wa kifua cha mchezaji aliyeketi. Ukipiga umesimama utapata utosi na magurudumu tu. Mpige anapogombea mpira, jasho likimtoka, vidole vimeng'ang'ania gurudumu. Picha ya mkubwa fulani akimkabidhi boksi la sabuni mimi siiweki, mfadhili anune atakavyo. Na watu watauliza mbona magurudumu yamepanuka chini. Wajibu: kiti hugeuka upesi na hakipinduki ovyo. Hapo ndipo wanaanza kuutazama mchezo wenyewe.

Video chini yake weka maandishi kwa ajili ya viziwi, na picha iwe na maelezo ya kuwasomea wasioona. Iwe fupi, MB ni ghali. Facebook ilifungwa hapa Januari 2021 na si kila mtu ana VPN, programu ya kupita kizuizi hicho, kwa hiyo naanza na WhatsApp na TikTok.

Kabla ya kuposti, mwonyeshe mwenyewe. Akikataa, futa. Kwa mtoto, mzazi aone kwanza: Husnah Kukundakwe aliogelea Tokyo akiwa na miaka 14, mdogo kuliko washindani wote wa Paralimpiki ile, na rika hilo maneno ya mtandaoni huliingia sana. Matusi nafuta bila kujibizana. Wanaoandika "Mungu akuponye" nawajibu kwa upole: amina, mechi ni Jumamosi saa nane, karibuni.

Mwisho, watumie waandishi wa michezo matokeo siku ileile, pamoja na picha moja nzuri. Jina mwombe mchezaji aliandike mwenyewe kwenye simu yako, maana magazeti yakilikosea, marafiki zake hawatampata wakimtafuta.