Kupima presha nyumbani na kupata wastani wa kumpelekea daktari

Kipimo kimoja hakimwambii daktari mengi. Presha hupanda na kushuka kutwa nzima, na baridi ya Juni na Julai ya Makete, Njombe au Mafinga huipandisha zaidi, kwa sababu mishipa ya damu hubana mwili ukipoa. Daktari anahitaji wastani wa siku saba, uliopimwa kwa utaratibu uleule.

1. Kifaa. Chagua cha kufunga juu ya kiwiko, si cha kifundo cha mkono. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na namba zilizoandikwa kwenye mkanda. Mikanda mingi ya kawaida ni ya sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo, na mtu anaweza kuongezewa dawa asiyoihitaji.

2. Saa. Hapa wengi hukosea. Saa 12 asubuhi, kifaa kinatakiwa kisome 6:00 AM. Ukiweka 12:00, vipimo vya asubuhi vitahifadhiwa kama vya mchana au usiku wa manane.

3. Kabla ya kupima. Kwa nusu saa usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usitoke kuchota maji mlimani. Nenda haja ndogo. Kaa dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, ndani, ukiwa umejifunika. Miguu ikanyage chini bila kukunja nne. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili kupata joto: moshi wake usioonekana unaua.

4. Kupima. Vua mkono mmoja wa sweta. Ukilikunja juu, linabana mkono na kuharibu kipimo. Funga mkanda kwenye ngozi, sentimita 2 juu ya kiwiko, mkono ukiwa mezani usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara mbili, ukipisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni.

5. Wastani. Kwenye jedwali la simu weka tarehe safu A, namba ya juu ya presha B, ya chini C, ukianzia mstari wa 2, kila kipimo mstari wake. Siku saba ni vipimo 28. Vinne vya siku ya kwanza viache nje ya wastani, huwa na wasiwasi wa ugeni. Andika =AVERAGE(B6:B29), halafu =AVERAGE(C6:C29). Usifute namba iliyokutisha.

Wastani wa 135/85 au zaidi unahitaji kuonwa na daktari. Ukishuka, usiache dawa. Huenda ndizo zilizoushusha. Ukipata 180/120 au zaidi, tulia dakika tano urudie. Ikibaki hapo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kukiwa na maumivu ya kifua, kuhema kwa shida, ulimi mzito au upande mmoja kulegea, usirudie kupima, nenda hospitali mara moja.

Siku ya kliniki beba na kifaa chenyewe, kilinganishwe na cha pale.