SOMO: Vali ya kulanti imepoteza mawasiliano? Pima nyaya tatu kabla hujanunua nyingine

Hamjambo wanagereji. Somo la leo linawahusu wote wanaopokea magari yenye kodi (namba ya hitilafu) inayoanza na U, na maelezo kwamba kompyuta ya injini imepoteza mawasiliano na vali ya kulanti (maji ya kupozea injini). Desturi yetu hapa Mombasa ni kumwambia mwenye gari "vali imekufa", anakwenda kununua, tunafunga, na kodi inarudi kabla hajafika Nyali. Kodi ya P ingekwambia vali imekwama au haifiki pale ilipoagizwa. Kodi ya U inasema tu kompyuta imeita na haikuitikiwa. Huenda aliyeitwa yu mzima ila sauti haimfikii.

Vali hii si ile thamostati ya nta inayofunguka yenyewe maji yakipata moto. Ndani ina mota ndogo na bodi ya elektroniki, na kazi yake ni kugawa maji: haya yaende rejeta, haya hita, haya kwenye kipoza oili. Kwenye magari mengi huongea na kompyuta kupitia mtandao wa LIN, waya mmoja wa volti 12 usiozidi biti 20,000 kwa sekunde. Ukiongeza moto (waya wa chanya) na athi (waya wa hasi), unapata nyaya tatu kwenye soketi. Hesabu kwanza. Ukikuta nyaya tano au sita, tafuta mchoro wa gari hilo, kwa sababu huenda vali haitumii LIN kabisa na vipimo vya hapa chini havitakufaa.

Hatua ya 1. Soma gari zima kwa skana (mashine ya kusoma kodi), usiishie kwenye injini. Andika kodi zote kabla ya kufuta chochote. Vali peke yake ikipotea, tatizo liko kwake au kwenye tawi la waya linaloiendea. Ikipotea pamoja na pampu ya maji ya umeme au milango ya grili (inayofungua na kufunga hewa mbele ya rejeta), shuku walichonacho kwa pamoja: fyuzi, rilei au waya wa LIN wenyewe. Betri nayo ipime hapa hapa. Chini ya volti 12.4 injini ikiwa imezimwa, ichaji kwanza, maana betri iliyochoka huzaa kodi za U za kila namna.

Hatua ya 2. Injini ipoe, kisha chomoa soketi na uangalie kwa tochi. Mji wetu umezungukwa na bahari na hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Ukiona ukijani kwenye pini, umeshapata mshukiwa. Baya zaidi ni kulanti iliyovuja ikaingia kwenye soketi: hupanda ndani ya waya, chini ya plastiki, na kwa nje waya unaonekana mpya. Chuna kidogo sentimita chache nyuma ya soketi. Shaba ikiwa nyeusi au imelowa, kata hadi ufike penye shaba safi, unga kwa risasi na uzibe kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi. Msasa kwenye pini sitaki kuusikia. Unatoa ile ngozi ya juu, na miezi michache baadaye kutu iko pale pale. Tumia spreyi ya kusafishia konekta.

Hatua ya 3. Moto na athi vipimwe vikiwa na mzigo, yaani kitu kinachokula umeme. Hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganyika, kwani waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12 kwenye mita. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge kati ya pini ya moto na pini ya athi upande wa waya, na ufunguo uwe ON. Iwake kwa nguvu zote. Ikiwa inawaka, pima volti kwenye balbu na ulinganishe na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kutu au muungano mbovu njiani. Balbu hiyo usiiguse kwenye waya wa LIN, utawanyamazisha wote walio kwenye mtandao huo.

Hatua ya 4. Sasa waya wa LIN, soketi ikiwa bado imechomolewa na ufunguo uko ON. Mtandao ukiwa kimya, waya hukaa karibu na volti za betri. Mazungumzo yakipita, huvutwa chini na kurudi juu haraka sana, na mita ya kawaida inakuonyesha wastani tu, mara nyingi kati ya 7 na 11, namba ikichezacheza. Hiyo ina maana kompyuta inaita. Ikisimama tuli kwenye volti za betri, huenda mtandao umelala au kompyuta haitumi, kwa hiyo jaribu injini ikiwa inaunguruma. Ikiwa sifuri, waya umekatika au umegusa bodi ya gari. Chomoa vifaa vingine vya waya huo kimoja kimoja. Volti zikirudi, uliyemchomoa mwisho ndiye mkosaji.

Hatua ya 5. Nyaya zote tatu zikiwa nzima na vali bado haiitiki, hapo nunua vali.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi kutoka Likoni: Nimefunga vali ya mtumba, inafanana kabisa na ya kwanza, kodi imebaki.

Jibu: Linganisha namba ya spea herufi kwa herufi, kufanana kwa umbo hakutoshi. Kisha ifundishe kwa skana, kwani vali nyingi hutaka kujua mwanzo na mwisho wa mzunguko wake. Kama uliruka hatua ya 3, rudi huko.

Dada mwenye gari, Bamburi: Kodi ilitokea baada ya kuoshwa injini. Feni inazunguka kwa kasi hata asubuhi. Naweza kuendesha?

Jibu: Dada, feni inakulinda: kompyuta haijui vali iko wapi, basi inachukua tahadhari. Usiendeshe mpaka soketi ikaushwe na ikaguliwe. Na mwoshaji asielekeze maji ya presha kwenye soketi tena.

Mwanachama, Changamwe: Joto la huku linajulikana. Kwa nini tusiitoe vali tukaunga mipira moja kwa moja, kama tulivyokuwa tukitoa thamostati?

Jibu: Bwana, hata ile ya thamostati haikuwa sawa. Injini isiyofika joto lake hunywa petroli na kuchafua oili. Hii nayo ikitoka, kodi haitazimika kamwe.

Fundi mwanafunzi, Kisauni: Baada ya kubadilisha vali, hita haitoi joto na kipimo cha joto la injini kinapanda.

Jibu: Una hewa ndani ya njia za kulanti. Magari mengine hutaka skana ifungue vali wakati wa kujaza kulanti. Jaza kulanti halisi iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, ya kisima cha chumvi yaache nyumbani.