Namna ya Kuzitunuku Familia za Mtaa Siku ya Familia

Siku ya Kimataifa ya Familia, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1993, huadhimishwa kila tarehe 15 Mei, na kwa mtaa wowote wa Tanzania ni nafasi nzuri ya kuzitunuku familia zinazojitolea. Maandalizi yaanze mapema. Mwenyekiti wa mtaa aunde kamati ndogo yenye mjumbe wa shina, viongozi wa dini na afisa ustawi wa jamii, kisha majina yapokewe kutoka kwa majirani, kwa kuwa wao ndio wanaoijua nyumba inayompikia uji mgonjwa asiye na ndugu.

Familia zenye malezi ya kambo, yaani zinazolea watoto wa wengine waliokabidhiwa kwao, zinahitaji uangalifu wa pekee. Malezi hayo yanaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hivyo afisa ustawi athibitishe kwanza kila jina, na familia yenyewe iridhie. Jukwaani wasifiwe walezi kwa moyo wao. Historia ya mtoto, picha yake na sababu ya kutengana na wazazi wake visitajwe kabisa, maana kesho yake atakaa darasani na wenzake waliosikia yote. Hili nalisisitiza kuliko jingine lolote.

Cheti kiandikwe majina ya wote wanaobeba mzigo, bibi na kaka mkubwa wakiwemo, badala ya jina la baba peke yake. Zawadi iwe ya kufaa, kama mabati, magodoro, sare za shule au mchango wa bima ya afya, nayo ikabidhiwe nyumbani ikiwa familia haipendi kuonekana hadharani.