Somo: Kuchagua kitabu cha ufundi cha Land Cruiser mkonga ya zamani

Wakuu, heshima kwenu. Kosa la kwanza ni kununua kitabu kwa jina la gari. Mikonga miwili (Land Cruiser za mfululizo wa 70) iliyoegeshwa pamoja pale Unga Limited, Arusha, inaweza isilingane injini wala springi za mbele.

Hatua ya 1: Soma kibati cha modeli. Fungua boneti, tazama ukuta unaotenganisha injini na kebini. Futa vumbi kwa kitambaa chenye dizeli kidogo. Ukikwangua kwa bisibisi utaondoka na herufi. Ukikuta HZJ75, HZ inakuambia injini ni 1HZ. HJ75 ni 2H, na hiyo haina taimingi belti (mkanda wa kuendesha valvu) kabisa, inatumia gia. Herufi moja tu, kitabu kingine.

Hatua ya 2: Hakikisha injini haikubadilishwa. Linganisha namba iliyogongwa kwenye bloku na ile ya kadi ya gari. Zikipishana, nunua kitabu cha injini kwa kufuata injini iliyomo, na cha chasisi kwa kufuata kibati. Toyota walivitoa mbalimbali: injini, chasisi na bodi, kisha michoro ya waya. Muuzaji akisema chake kina kila kitu, mwambie akufungulie ukurasa wa breki.

Hatua ya 3: Hesabu nati za tairi. HZJ75 ina 6, na springi za mbele ni za mabamba. HZJ78 na HZJ79, kuanzia 1999, zina nati 5 na koili mbele. Kitabu cha kabla ya hapo hakitakufaa kwa habu wala springi za mbele, ingawa injini ni ile ile 1HZ.

Hatua ya 4: Kipime kitabu kabla hujalipa. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kitabu cha Toyota cha injini hizi kinabeba 1PZ, 1HZ na 1HD-T pamoja. Fungua ukurasa wa nafasi ya valvu (uwazi mdogo kati ya kamu na valvu), injini ikiwa baridi. Za kuingiza hewa ni mm 0.15 hadi 0.25. Za ekzosi, 1HZ ni 0.25 hadi 0.35, lakini 1HD-T yenye tabo ni 0.35 hadi 0.45. Ukishika mstari wa jirani, 1HZ yako itagonga tik-tik na utaanza kulaumu nozeli. Kwenye fotokopi iliyofifia 2 na 3 hufanana, kwa hiyo soma tarakimu hizo dukani, juani.

Valvu za 1HZ hazirekebishwi kwa skrubu, zinawekewa shimu (kisahani chembamba cha unene maalumu). Jedwali la shimu lisipokuwemo, utajua nafasi imezidi ila hutajua shimu ipi uagize.

Mwisho angalia vipimo vya kubana bolti. Futi-pauni 70 ni takriban N·m (nyutoni-mita) 95. Ukizisoma kama N·m 70, bolti imepungukiwa zaidi ya robo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimepata kitabu cha Marekani, bei poa. Nichukue?
Jibu: Acha. 1HZ haikuuzwa Marekani, na usukani wao uko kushoto, kwa hiyo hata michoro mingi ya waya na paipu itakupoteza. Cha Australia afadhali: injini hiyo iliuzwa kule na usukani ni kulia kama wetu.

Swali: Niko Moshi. Gari nimelinunua mkononi, kitabu kinasema belti ni km 100,000, na taa ya T-BELT (ya kukumbusha kubadilisha taimingi belti) haijawaka. Nisubiri?
Jibu: Usisubiri, kaka. Taa inaweza kuwa iliwekwa upya bila belti kubadilishwa, na mita hatujui imepita mikono mingapi. Weka mpya pamoja na beringi yake ya kubania, kisha andika kilomita juu ya kava kwa maka. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni.

Swali: PDF kwenye simu haitoshi?
Jibu: Kwa kusoma nyumbani, sawa. Gereji mikono ina oili. Chapisha steshenari kurasa za kazi ya siku hiyo tu. Michoro ya waya iwe A3, maana kwenye A4 rangi za waya hazisomeki.