Somo: Kupima ubora wa msimbo

Tuchukue programu ya kukokotoa nauli za vifurushi vinavyosafirishwa kwa basi, Tanga hadi Pangani. Leo inafanya kazi. Tunachopima hapa ni ugumu wa kuibadilisha kesho bila kuiharibu, na wingi wa mistari hautuambii hilo.

1. Hesabu njia ambazo msimbo unaweza kupita. Kwa kila fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) anza na 1, kisha ongeza 1 kwa kila `if`, `for`, `while` na `case`. Kipimo hiki kilitolewa na Thomas McCabe mwaka 1976, naye alipendekeza kikomo cha 10. Kwa Python, zana iitwayo radon itakuhesabia: andika `radon cc -s` na jina la faili.

2. Tafuta mafaili yanayoguswa (yanayobadilishwa) sana, kwa git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo:

`git log --since="6 months ago" --name-only --pretty=format: | sed '/^$/d' | sort | uniq -c | sort -rn | head`

Faili gumu lisiloguswa, liacheni lilale. Gumu linaloguswa kila wiki ndilo la kuanza nalo.

3. Pima majaribio yenyewe, yaani msimbo unaoendesha programu na kukagua majibu yake. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Asilimia ya mistari iliyopitiwa inaonyesha tu kwamba mstari uliendeshwa. Haionyeshi kama jibu lilikaguliwa. Majaribio yasiyo na `assert` (amri ya kukagua jibu) yanaweza kufika 100% na yasikamate jibu moja lisilo sahihi. Kwa hiyo haribu kwa makusudi. Tuna mstari huu:

`if uzito > 20: nauli += 3000`

Badilisha `>` iwe `>=`, endesha majaribio. Yakipita yote, basi hakuna linalokagua nauli ya mzigo wa kilo 20 kamili, na siku mtu akikosea alama hiyo mteja atatozwa 3000 asizodaiwa. Andika jaribio la kilo 20, endesha tena: sasa lazima lifeli. Rudisha `>`, lipite.

Maswali

Muulizaji wa Makorora: Shikamoo mwalimu. Nimegawa fanksheni yenye kipimo cha 14 nikapata ya 7 na ya 8. Nimemaliza?

Marahaba. Tazama vigezo, yaani thamani ambazo fanksheni inapewa. Kama vipande vinapasiana vigezo sita, umekata mfupani badala ya kwenye kiungo. Kata pale ambapo kipande kinapata jina lake chenyewe, mfano `tozo_ya_uzito`.

Waulizaji wa Pangani: Sisi hatuna jaribio hata moja.

Anzeni na faili la juu kwenye orodha ya hatua ya 2. Chukueni mizigo 10 tofauti, ya kilo 20 kamili ikiwemo, mwandike nauli ambayo programu inatoa sasa, hata mkiishuku, iwe ndiyo jibu ambalo majaribio yatakagua. Kosa mkiliona, lirekebisheni baadaye, kwa badiliko la peke yake.