Somo: Kuendesha baiskeli kwenye msafara wa klabu

Somo hili ni la mwanachama mpya ambaye baiskeli anaijua, ana pumzi na miguu, ila amezoea kuendesha peke yake. Kusema kweli, huyo hututia wasiwasi kuliko mtu dhaifu. Dhaifu huachwa nyuma, tukamsubiri, yakaisha. Mwenye nguvu asiyejua kukaa na wenzake huangusha watu.

Ukiwa peke yako unaweza kukwepa shimo dakika ya mwisho au kusimama ghafla kupokea simu. Kwenye msafara, aliye nyuma yako haoni shimo wala hasikii simu, anaona mgongo wako. Hatua zote hapa chini zinalenga kumwezesha akisie utakachofanya kabla hujakifanya.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka

Kagua breki, upepo wa matairi na kama magurudumu yamekazwa. Beba tyubu inayoingia kwenye tairi lako, pampu, maji na kitu cha kula. Ziba ncha za usukani, maana bomba lililo wazi hutoboa mwili mtu akiangukia. Spika za masikioni ziache nyumbani. Ile mikono ya ziada ya kulalia mbele haina nafasi kwenye msafara, kwa sababu ukiishika vidole viko mbali na breki.

Kisha uliza umbali, mwendo, na kama kundi husubiri wanaobaki. Ukijiunga na kundi la kasi usiyoiweza utataabika wewe na wataharibikiwa safari wao.

Hatua ya 2: Shika mstari wako

Nyooka. Ukitaka kuhama, tazama nyuma, toa ishara, hama polepole. Kwenye kona, tokea upande ule ule ulioingilia: wa ndani abaki ndani, wa nje abaki nje. Viwiko vilegee kidogo ili ukigusana bega na jirani, mshtuko uishie mkononi usifike kwenye usukani.

Hatua ya 3: Jua gurudumu lako la mbele liko wapi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ajali za msafara mara nyingi huanzia hapa.

Kwenye tambarare, ukienda kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako inaliwa na upepo. Aliyejikinga nyuma ya mwenzake anaweza kuokoa karibu robo ya nguvu hizo, pengine hata theluthi, na ndiyo maana watu hupenda kubanana. Lakini kwa mwendo huo unasafiri zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukiwa umeacha nusu mita na wa mbele akabana breki, vidole vyako havitawahi. Mgeni aanze kwa kuacha nafasi ya urefu wa baiskeli moja. Kinga ya upepo bado ataipata, na atasogea taratibu akishamzoea aliye mbele.

Kibaya kuliko kubanana ni kupishanisha magurudumu, yaani gurudumu lako la mbele likawa ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Akisogea upana wa kiganja tu, mnagusana. Yeye atasikia mkwaruzo na huenda akaendelea na safari. Utakayeanguka ni wewe, kwa sababu baiskeli hukaa wima kwa usukani kugeuka kidogo kidogo kufuata upande inakoinamia, na sasa wa kwako umezuiwa. Walio nyuma watakuparamia.

Halafu usilikodolee macho gurudumu la mbele yako. Tupa jicho juu ya bega la mwenzako, uone watu wawili watatu mbele zaidi. Wakianza kupunguza utajua kabla yake.

Hatua ya 4: Breki ni ya mwisho

Wa kwanza akipunguza kidogo, wa pili hupunguza zaidi, wa tatu zaidi ya huyo, na wa mkiani hujikuta amesimama kabisa bila kujua sababu. Ukiona unamkaribia wa mbele, kwanza punguza kukanyaga. Haitoshi? Inua kifua upepo ukushike. Breki iguse kwa wepesi.

Kusimama juu ya pedali nako kuna adabu yake. Ukiinuka ghafla, baiskeli hurudi nyuma kidogo na kumgonga anayekufuata. Tia kwanza gia nzito kidogo, inuka huku mguu ukisukuma pedali chini, usiache kukanyaga.

Hatua ya 5: Ishara na sauti

Onyesha shimo kwa kidole, upande lilipo. Kama kuna gari lililoegeshwa au mtembea kwa miguu, pitisha mkono nyuma ya mgongo kuashiria upande wa kuhamia. Mkono juu ni kusimama. Walio mbele hutaarifu yaliyo mbele, wa mkiani hutaarifu magari yanayotoka nyuma, na walio katikati hupokea na kupitisha. Kama unahitaji mikono yote kwenye breki, tumia sauti. Wala usipige kelele kwa kila kokoto, watu watazoea kukupuuza.

Hatua ya 6: Zamu ya mbele

Msafarani watu hupokezana kukaa mbele na kuwakata wenzao upepo. Ugonjwa wa wageni ni huu: zamu ikimfikia tu, anafyatuka. Nyuma msafara unakatika, wadhaifu wanachomoka mmoja mmoja, naye anageuka kushangaa watu wako wapi. Kabla zamu haijakufika tazama mwendo ni kilomita ngapi, kisha uulinde huo huo. Ukielekea mlimani au kwenye upepo, mwendo utashuka, acha ushuke.

Kaa mbele kwa dakika chache, utoke ukiwa bado na nguvu, maana utazihitaji kuudaka mkia. Tazama nyuma, toa ishara, hama upande mliokubaliana. Kama upepo unatoka ubavuni na barabara inaruhusu, hamia upande unakotoka, ili wanaokupita wabaki wamekingwa. Ukishahama, ndipo upunguze. Mtu wa mwisho akikaribia kukupita, anza kuongeza tena. Ukisubiri apite kwanza, utamfukuza.

Aliyechoka asione haya kuruka zamu. Abaki nyuma na awaambie wenzake.

Hatua ya 7: Mlima na mteremko

Mlimani kila mtu apande kwa mwendo wake, mkutane juu, nje ya barabara kabisa. Kwenye mteremko achaneni mbali. Kukaa juu ya bomba la fremu ili kukata upepo ni mtindo ambao UCI, shirikisho la dunia la mchezo huu, liliupiga marufuku kwenye mashindano tangu 2021. Kama wanaolipwa kushuka wamekatazwa, sisi tunautakia nini?

Taa nyekundu ni ya wote. Msafara ukikatika katikati, waliovuka waende polepole hadi wenzao wafike. Na mkiwapita watembea kwa miguu au wanyama, punguzeni, semeni mapema kwa sauti ya kawaida, waachieni nafasi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwenzangu wa ubavuni kila nikimfikia anasogea mbele kidogo. Nikiongeza, naye anaongeza. Mwisho tumechoka wote. Nifanye nini?

Jibu: Usimfuate, ndugu yangu. Baki kwenye mwendo mliopangiwa. Mara nyingi mtu hajui kwamba anafanya hivyo, kwa hiyo mwambie kwa upole, "Usukani kwa usukani, mkuu." Akiendelea, omba kubadilishana nafasi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Tukifika njia panda wa mbele hupaza sauti "Wazi!" nasi tunapita. Ni sawa?

Jibu: Marahaba. Hapana. Yeye alipopita palikuwa wazi, wewe unafika sekunde kadhaa baadaye. Mimi ningependa neno hilo lisitumike kabisa. Afadhali kutangaza hatari, "Gari kulia!", kuliko kutangaza usalama. Kila mtu atazame kwa macho yake.

Swali: Magari yakitufuata twende wawili wawili au mmoja mmoja?

Jibu: Kwanza fuata sheria ya barabara uliyopo. Inaporuhusu, wawili wawili hufupisha msafara, na gari likipata nafasi hupita upesi. Barabara nyembamba yenye kona ni mmoja mmoja, na kundi likiwa kubwa ligawanyeni, kila kipande kiache pengo la kutosha gari kurudi upande wake. Usilipungie mkono gari lipite. Huoni vyema anachokiona dereva.

Swali: Samahani kwa swali hili, ila kuna mtu hupenga kamasi njiani na upepo hutuletea sisi.

Jibu: Wala usiombe samahani. Anayetaka kupenga au kutema asubiri afike mkiani, au ahame pembeni atazame nyuma kwanza. Siku ya mvua mwombeni pia afunge madigadi ndefu, maana maji ya tairi nayo huruka usoni mwa wa nyuma.

Swali: Nikipata pancha, kundi zima lisimame?

Jibu: Inua mkono, sema "Pancha!", endelea kunyooka huku ukipunguza taratibu hadi wote wakupite au wapunguze nawe. Usikate kwenda pembeni. Kundi dogo lisimame lote, mbali na lami. Kundi kubwa liache watu wawili, mmoja awe anayeijua njia. Na mwenye pancha awe na tyubu yake mwenyewe. Ya kuazima mara nyingi huwa ya saizi nyingine.