Kabla shule haijafungwa kwa likizo ya baridi

Nafundisha darasa la tatu, na wiki ya mwisho kabla ya likizo ya baridi naijua vizuri: watoto wapo darasani, akili zimeshafunga shule. Usimpe mwanao mazoezi mapya. Fungueni begi lake pamoja, mtoe madaftari yote (na ile sweta mliyoitafuta mwezi mzima), kisha akusomee ukurasa mmoja aliouandika mwenyewe. Dakika 10 zatosha. Akikwama kwenye neno, hesabu kimoyomoyo hadi 5 kabla ya kumsaidia. Mara nyingi hulipata mwenyewe. Vitabu vya maktaba virudishwe mapema. Halafu mwulize mwalimu wake: “Afanye kitu gani kidogo kila siku?” Tukikupa orodha ndefu, na huwa tunatoa, chagua kimoja.